Kopo Jeupe la Winny

Siku ya ayie, sherehe ya mahari ya binamu yangu kule Ahero, nilikuwa katikati ya kupiga vigelegele mdomo wangu ukakataa kazi.

Sitanii.

Kigelegele cha kwanza kilitoka safi. Cha pili kikayumba. Cha tatu kikatoka kama baiskeli inayopoteza upepo. Wakwe waliokuja kutoa mahari wakacheka wakidhani ni mbwembwe zangu. Hata mimi nilicheka.

Halafu nikaona mama aliyekaa mbele yangu ameacha kucheka. Ameshika kifua.

"Yawa, Mama Sydney! Uso wako!"

Nikajigusa. Shavu limefura kama andazi. Jicho la kulia limebaki ufa mwembamba wa kupitisha barua. Midomo? Wacha tu.

Sydney wangu, mtoto niliyemzaa mwenyewe, alinitazama mara moja akaenda kujificha nyuma ya nyanya yake.

Na unajua kitu cha kwanza nilichofikiria? Sio hospitali. Sio Mungu.

Nilifikiria: Winny ameniroga.

Wacha nirudi mwanzo, ndio ujue nani alimfanyia nani nini.

*

Jina langu ni Perez, lakini ukiulizia Perez pale Nyalenda utazungushwa mpaka kiatu kiishe. Ulizia Mama Sydney. Kwangu mlango haufungwi. Chai iko, watu wako, na kama kuna mtu ameachana na mtu kuanzia Kondele mpaka ziwani, hiyo habari lazima ipitie kwangu ipigwe pasi kabla ya kuendelea na safari.

Kazi yangu ni kukaanga samaki. Miaka kumi na moja sasa. Tuko akina mama kumi na wanne, kila mtu na jiko lake na karai lake, pale chini Nyalenda inapoanza kunusa ziwa. Tunakaanga ngege, tunakaanga mbuta, lakini kipenzi cha watu ni mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki nyama ikishatolewa. Ikaange vizuri, iweke kando ya ugali, na hata mwenye gari kubwa atashusha kioo.

Sasa sikiza. Mkaangaji unamjua kwa mikono.

Mafuta yanaruka kila siku. Yanakupiga chapa. Ukikaa sana kwa hii kazi unakuwa na madoadoa kutoka kwa vidole mpaka kwa kiwiko. Sisi tunayaita vyeti. Mwenye vyeti vingi ndiye mwenye kazi.

Mimi mikono yangu ilikuwa chuo kikuu kizima.

Ndipo akaja Winny.

Winny Nasipwondi, kutoka upande wa Port Victoria. Mpole, mrefu, kicheko cha chini chini. Jiko lake likawekwa kando ya langu, na ni mimi nilimkaribisha. Nikamwonyesha maji yanatoka wapi, choo kiko wapi, na mteja gani anapenda kukopa na kuhama.

Wiki ya pili ndipo nikamwangalia mikono.

Laini. Hakuna doa. Hakuna hata alama ya mbu.

"Huyu ni mkaangaji ama ni karani wa benki?" nilimuuliza Jacinta, wa jiko la tatu. Jacinta ni rafiki yangu, na kama mimi ni redio, yeye ndiye mtambo.

"Anasema amekaanga miaka sita huko kwao," Jacinta akasema.

"Na hiyo mikono?"

"Mama Sydney, wewe ni mtu mzima. Kuna kitu anajipaka."

Hapo ndipo ugonjwa ulianza. Sio ule wa uso. Huu mwingine.

Wateja wakaanza kuhama. Mtu nimemkaangia tangu akiwa bachela, leo amesimama mbele ya jiko langu na shingo imepinda upande wa pili. "Mama Sydney, usikasirike, leo wacha nipewe na yule dada wa mikono safi."

Nisikasirike!

Halafu jioni moja mume wangu akamalizia. Gordon ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Kondele. Ndiye anatutengenezea makarai na majiko. Tunakula, ananiambia bila hata kupepesa macho, "Yule jirani yako ana mikono ya mtoto."

Tonge langu likasimama hewani.

"Umeionea wapi?"

"Alikuja karakana. Anataka nimtengenezee kijiko cha kutoa samaki kwa mafuta. Mpini mrefu."

"Aha. Yeye atengenezewe mpini mrefu. Mimi mkeo miaka kumi na moja nachota moto na kijiko kama cha uji!"

Gordon alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema kitu. Halafu akaweka tonge ndani, akafunga.

Hilo tonge likumbuke. Tutalirudia.

*

Pale kwetu kuna sheria moja ambayo haina rufaa. Mafuta yako yakimchoma mwenzako, jiko lako linazimwa miezi mitatu. Hatuulizi kama ulikusudia. Iliwekwa zamani, baada ya mama mmoja kupoteza jicho.

Jumatatu hiyo, wiki mbili kabla ya ayie, Winny alikuwa na foleni ya watu sita. Mimi nilikuwa na inzi. Na mkononi mwake kile kijiko kipya cha Gordon kinang'aa, kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kama kinanisalimia.

Nikaingiza mkono kwa beseni, nikatoa migongo mitatu ya samaki inachuruzika maji.

Hata mtoto anajua maji na mafuta moto havikai nyumba moja. Mimi nilijua zaidi ya mtoto.

Nikairusha yote mara moja kwa karai langu.

Karai lilinguruma kama mabati chini ya mvua ya mawe. Mafuta yakafura, yakapanda, yakamwagika upande wa Winny. Akaruka. Foleni ikatawanyika.

"Uko sawa?" Jacinta ndiye aliuliza. Sio mimi.

"Niko sawa," Winny akasema. Alikuwa amevaa dera ndefu, imelowa kwa chini. Akabeba jagi la maji, akaenda nyuma ya stoo. Hakurudi mpaka siku iliyofuata.

"Maigizo," nikasema.

Sikusema pole. Ni neno dogo hivyo, na sikulisema.

*

Kuanzia hiyo wiki, Winny akaanza tabia mpya. Kila saa sita mchana anachukua kikapu, anaenda nyuma ya stoo, anakaa robo saa, anarudi.

Siku moja nikachungulia kwa mwanya wa mbao. Nikaona mgongo wake, ameinama. Nikaona kopo dogo jeupe. Nikaona krimu nyeupe, nzito, kwenye vidole vyake.

Basi. Hayo ndiyo niliyoyaona, kwa sababu hayo ndiyo niliyoenda kutafuta.

"Hiyo ni krimu ya Goma," Jacinta akatangaza. "Wakongo wanajua ngozi. Lakini hujaniuliza nani anamnunulia."

"Nani?"

"Aa, mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu."

"Jacinta, sema ama nirudishie bakuli langu la sukari."

Akasogea karibu. "Gordon. Nimemwona na haya macho mawili, anatoka kwa Rehma wa duka la dawa pale Kondele, ameshika kopo jeupe. Kesho yake Winny ana kopo jeupe jipya. Mimi sijasema kitu, Mama Sydney. Mimi nimeona makopo tu."

Jioni nikamtega mume wangu. "Ulipitia kwa Rehma?"

"Eeh. Dawa ya kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Perez, kula."

Gordon akiwa msafi ananiita Mama Sydney. Akiniita Perez, jua kuna uongo unatafuta njia ya kutoka.

Watu husema wivu ni moto. Wanadanganya. Moto una moshi, majirani watakuja na ndoo. Wivu ni mafuta yaliyo kwa karai kabla ya samaki kuingia. Yametulia. Yanang'aa. Ukiinama unaweza kujiona uso ndani yake. Yanangoja tone moja tu la maji.

*

Tone likaja Jumatano ya wiki ya ayie. Winny alienda kuteka maji, akaniachia kikapu.

"Mama Sydney, niangalizie hapo."

"Nenda tu, mdogo wangu."

Kumbe mimi nilikuwa nimejiandaa. Kwa mfuko wangu kulikuwa na mkebe mtupu na chupa ya lotion yangu, nyeupe, yenye harufu ya waridi.

Nikafungua lile kopo. Krimu ilikuwa nyeupe kama ugali wa sherehe, haina harufu. Juu ya kifuniko kuna kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu: *kutwa mara 2*. Hakuna jina.

Nikachota karibu yote, nikaweka kwa mkebe wangu. Nikajaza kopo na lotion, nikakoroga na ile krimu kidogo iliyobaki, nikalainisha juu kwa kidole. Nikafunga.

Winny akarudi na maji yake.

"Asante sana, Mama Sydney. Wewe ni mtu wa maana."

Sijui niliangalia wapi.

Kutwa mara mbili, sivyo? Nikafuata kama mwanafunzi. Usoni, shingoni, mikononi. Alhamisi ikanichoma kidogo. Ijumaa ikawasha. Nikasema hiyo ndiyo kazi yake, inang'oa vyeti kutoka kwa mizizi.

"Umejipaka nini?" Gordon akauliza.

"Kwani ni wewe peke yako unajua njia ya duka la dawa?"

Akanitazama kama nimeongea Kichina.

Ijumaa hiyo hiyo Winny hakuja kazini. Hakutuma ujumbe. Foleni yote ikarudi kwangu, nikamaliza samaki kabla ya saa nane. Nikaimba nikiosha karai.

Niliimba. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma mpaka leo.

Jumamosi nikaenda Ahero na wanja, na lipstick, na uso unaowasha kama umepakwa upupu. Kilichofuata unakijua.

*

Tulirudi Kisumu kwa gari la mjomba. Tukifika hospitali macho yangu yote mawili yalikuwa yamefunga duka. Giza tupu. Gordon akaniketisha kwa benchi, akanishika mkono. Nasikia watoto wanalia, nasikia vitanda vya magurudumu, nasikia mtu anaitisha faili.

Mimi, ambaye huona kila kitu Nyalenda nzima, sioni hata kidole changu.

Mara nikasikia sauti dhaifu, kando kidogo.

"Fundi?"

Mkono wa Gordon ukauachilia wangu.

"Winny! Ni nini tena?"

Nikakaza mgongo. Nikajiambia, sasa ndio hii. Macho yamevimba lakini masikio hayajavimba. Leo nitasikia yote kwa mdomo wao.

"Ni mguu, Fundi. Umeharibika. Kopo la kwanza lilikuwa linanipoza vizuri, kidonda kilikuwa kinafunga. Sasa hili la pili, tangu Jumatano jioni, linaniwasha kama pilipili. Jana nimeshikwa na homa. Usaha unatoka."

"Rehma ameniuzia feki!"

"Usipaze sauti. Mama Sydney yuko?"

"Yuko hapa kwa benchi. Amevimba uso, hata sijui ni nini. Nafikiri amelala."

"Hajajua?"

"Hajui. Nilikuahidi, nawe uliniahidi." Akashusha sauti. "Akina mama wakijua ni mafuta yake yalikuchoma hivyo, jiko lake linazimwa. Na nyumba yetu inasimama kwa hilo jiko, Winny. Mimi karakana imelala tangu mwezi wa pili."

"Fundi, mimi nilikuja juzi. Siwezi kuja juzi nikazima jiko la mwenyeji." Akapumua kwa uchungu. "Ni yeye alinikaribisha. Alinionyesha hata choo."

Wakaendelea kunong'ona, nami nikaunganisha yote.

Siku ile ya mafuta, kumbe Winny alitoka pale akichechemea mpaka karakana ya Gordon, kwa sababu ndiye mtu pekee mwingine aliyemjua mjini. Kumbe Gordon ndiye alimpeleka kliniki. Kumbe ile robo saa nyuma ya stoo Winny alikuwa ameinama anabadilisha bandeji. Mimi niliona mgongo wake, sikuona mguu.

Na dawa ya mguu huo ilikuwa imepakwa usoni mwangu.

*

"Perez Akinyi?"

Tukaingia kwa daktari. Anaitwa Owiti. Sauti ya kijana, lakini imechoka kama ya mzee.

"Mama, umejipaka nini?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kipande."

"Mama, ukinidanganya mimi nitakudunga sindano ya kipande. Umewahi kusumbuliwa na dawa yoyote?"

Gordon akajibu. "Akiwa na mimba ya mtoto wetu. Alipewa kliniki zile tembe tatu za malaria, akameza mbele ya nesi. Akawashwa mwili mzima, akatoka mapele. Nesi akaandika kwa kadi, kalamu nyekundu, salfa."

"Kadi iko wapi?"

"Kwa Biblia," nikasema. Kumbe Biblia yangu siifungui sana.

Nikasikia kiti cha Owiti kikisogea.

"Huu uso nimeuona kwa watu wenye shida ya salfa waliotumia krimu ya kuchomeka. Ile nyeupe, inaitwa silver sulfadiazine. Ina salfa ndani. Lakini wewe huna kidonda cha moto, kwa hivyo sijui."

Gordon akasimama. "Daktari, nakuachia mgonjwa. Kuna mtu wa dawa huko Kondele lazima anieleze leo leo kile anachouza. Napitia karakana nichukue vijana."

Unawajua vijana wa karakana? Mimi nawajua. Wakienda mahali na nyundo hawaulizi swali la pili. Na Rehma namjua pia. Amekunywa chai kwangu. Alinifungulia duka lake Jumapili moja Sydney alipokuwa anatapika.

Nikinyamaza, duka la Rehma linavunjwa kwa kosa langu. Nikinyamaza, daktari anatibu mguu wa Winny bila kujua uliwekwa nini. Nikisema, jiko langu linazimwa. Na mume wangu atanijua.

Nikapapasa hewani mpaka nikashika shati la Gordon.

"Keti chini, Baba Sydney."

"Niache, narudi sasa hivi."

"Rehma hana makosa. Ile krimu ni mimi."

Gordon akageuka.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliichukua kwa kikapu cha Winny. Nilidhani ni ya urembo. Nilidhani unamnunulia wewe."

Sikuona uso wake. Nashukuru Mungu kwa huo uvimbe.

Owiti akauliza polepole, "Mama, na ndani ya kopo lake uliacha nini?"

"Lotion," nikasema. "Ya waridi."

Nikasikia viatu vyake vikitoka mbio. Pazia la upande wa pili likavutwa. Hapakuwa mbali, tulikuwa tumetenganishwa na kitambaa tu. Yaani kila neno lilikuwa limefika.

Halafu sauti ya Winny ikapita juu ya lile pazia.

"Ndiyo maana mguu wangu unanukia bibi harusi."

Hakuna aliyecheka. Halafu akacheka yeye mwenyewe, kile kicheko chake cha chini chini. Kikapanda, kikavunjika, kikawa kilio. Mimi nikalia na macho yaliyofungwa. Kama hujawahi kulia hivyo, usitamani. Machozi hayana mlango.

*

Mimi nilioshwa ile dawa yote, nikadungwa sindano, nikapewa tembe. Winny alilazwa. Kidonda kilisafishwa, akawekewa dripu. Owiti alisema angechelewa siku mbili zaidi, yale mazungumzo yangekuwa ya kuokoa mguu.

Jumatatu macho yangu yalifunguka. Kitu cha kwanza nilichoomba ni kuuona ule mguu.

Nesi alikuwa anafungua bandeji. Kutoka chini ya goti mpaka kwa kifundo. Siwezi kukuandikia. Nimekaanga vitu vingi, na siwezi kukuandikia.

Owiti alinieleza kama mtu anayeeleza mtoto. Ile krimu ni nzuri, akasema. Inaua vijidudu kwa kidonda cha moto ili ngozi ipate nafasi ya kurudi. Unaosha kidonda, unatoa dawa ya jana, unapaka mpya, unafunga. Lakini sio ya kila mtu. Mwenye shida ya salfa asiiguse. Mama anayekaribia kujifungua asiitumie, wala mtoto mchanga. Usoni, karibu na macho, usithubutu kujipelekea mwenyewe. Na hata mwenye kidonda, akiipaka eneo kubwa kwa muda mrefu bila kuonwa, inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, au ngozi ibaki na rangi ya kijivu.

"Na kung'arisha?" nikauliza. Yawa, bado niliuliza!

"Mama Sydney," akasema, "nenda nyumbani."

*

Gordon hakuniongelesha siku nne. Siku ya tano tukiwa mezani, alilitoa lile tonge alilolimeza.

"Miaka mitano iliyopita nilikutengenezea kijiko cha mpini mrefu. Unakumbuka ulisemaje?"

Nikakumbuka.

"Nilisema ni cha waoga."

"Unakitumia kuchochea makaa."

Nikaangalia pembeni ya jiko. Kilikuwa pale. Kimepinda, kimekuwa cheusi, lakini mpini ni mrefu vilevile.

Winny alipotoka hospitali na fimbo yake, niliita mkutano mimi mwenyewe. Akina mama wote kumi na wanne. Nikasimama nikasema yote: samaki wa maji, mafuta, kopo, lotion, Rehma. Sikuongeza chumvi, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi ngumu kiasi gani.

Winny akainua mkono. "Onge wach," akasema kwa kile Kijaluo chake cha kujifunza. Hakuna neno. "Mimi nimemsamehe. Tuendelee."

Lakini sheria haina rufaa. Na mtu wa kwanza kuinuka na jagi la maji kuzima jiko langu alikuwa nani?

Jacinta. Rafiki yangu wa sukari.

Miezi mitatu nilimfanyia Winny kazi ya kuandaa samaki. Gordon alisema tungekula alichopika Mungu, na tulikula. Na hapo, nikiwa nimeketi kwa kiti kidogo kando ya yule niliyemwonea wivu, ndipo nilipoona siri ya ile mikono.

Kila samaki anapanguswa kwa kitambaa, mmoja mmoja. Anapakwa chumvi, analazwa kwa wavu mpaka akauke. Asubuhi kabla sisi wengine hatujafika, Winny alikuwa anavaa mikono ya sweta kuukuu aliyoikata, inafika kwa kiwiko, na akimaliza lile karai la kwanza la fujo anaivua. Samaki haingizwi kwa kurushwa. Analazwa taratibu, kichwa kikitangulia, mkia ukianguka upande wa mbali. Halafu kijiko kirefu.

Hakukuwa na krimu ya Goma. Hakukuwa na krimu yoyote. Miaka sita amekaanga, na siku moja tu ameungua. Na siku hiyo haikuwa yake, ilikuwa yangu.

Ile kadi ya kliniki nimeitoa kwa Biblia. Iko ndani ya mkoba wangu, na kila daktari ninayemwona namsalimia nayo kabla ya habari yako.

Nimeandika hii kwa sababu Jacinta ameshaanza kuisambaza, na kwake mimi nimetoka mapembe. Afadhali uisikie kwa mwenye uso. Ukiona mwenzako anang'aa, mwulize. Mdomo haulipiwi kodi. Na ukiona dawa ya mtu mwingine, hata kama ni nyeupe na nzuri namna gani, jua iliandikwa kwa kidonda usichokijua.

Jiko langu liliwashwa tena mwezi uliopita. Winny ndiye aliweka makaa ya kwanza. Kidonda kimepona, lakini kimeacha kovu kubwa, linang'aa, limezunguka mguu kama soksi.

Juzi mteja mgeni akaliona, akashtuka. "Dada, hii nayo ulipata wapi?"

Nikaacha kukaanga. Nikangoja jiko lizimwe mara ya pili.

Winny akanitazama, akageuza samaki wake taratibu, akasema:

"Hiki ni cheti changu. Kimesainiwa na Mama Sydney."